Fuata Nyuki Ule Asali: Mwanafunzi na Nafasi ya Kuandamana na Daktari katika Meru na Embu

Utangulizi

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Katika jamii ya Waswahili wa kale, aliyetaka kuwa mganga hakuanza kwa kutibu. Alitiwa mkobani kwanza, yaani aliingizwa katika uganga na aliyemtangulia. Elimu ya kisasa haijaiacha njia hiyo. Mwanafunzi anayekusudia kusomea udaktari huweza kuomba kuandamana na daktari kwa siku chache ili aone kazi inavyofanywa. Huyu si mwanagenzi, kwa sababu mwanagenzi ni mhitimu anayetibu chini ya usimamizi. Huyu ni mtazamaji: hatibu, hagusi, wala haandiki lolote katika faili ya mgonjwa.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi nafasi hiyo inavyotafutwa katika eneo la Meru na Embu. Hoja yake kuu ni kwamba mwanafunzi hubisha milango miwili, wa hospitali na wa mgonjwa, na kwamba ufunguo wa yote miwili ni lugha.

Kwa nini nafasi hii itafutwe

Nchini Kenya, shahada ya udaktari huchukua miaka 6, kisha hufuata mwaka 1 wa uanagenzi. Kwa familia inayotegemea kahawa, majani chai au miraa, muda huo ni mzigo mzito. Haifai kijana auchukue kwa kuvutiwa na koti jeupe tu. Akikaa siku tano katika wadi, ataona furaha ya anayepona na uchovu wa anayekesha. Aidha, atasikia yasiyoandikwa katika vijitabu vya vyuo. Mathalani, mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56 ulihusu, kwa kiasi kikubwa, ajira na malipo ya wanagenzi.

Mahali pa kuomba

Tangu mwaka 2013, hospitali nyingi za umma zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Hospitali za rufaa za Meru na Embu ndizo kubwa, lakini pia ndizo zenye wanafunzi wengi wa udaktari, utabibu na uuguzi waliopelekwa na vyuo vyao. Anayeomba kwa hiari hana budi kusubiri zamu yake.

Hata hivyo, eneo hili lina urithi mkubwa wa hospitali za makanisa. Ya Chogoria, iliyo katika Kaunti ya Tharaka Nithi baina ya Meru na Embu, ilianzishwa mwaka 1922 na mmishonari Mskoti, Dkt. Archibald Clive Irvine. Zipo pia ile ya Kimethodisti ya Maua na zile za Consolata za Nkubu na Kyeni. Vilevile, mwanafunzi asiidharau zahanati ya kijijini. Huenda asimkute daktari huko, ila atamkuta tabibu au muuguzi, na ndiko wagonjwa wengi huanzia safari yao. Kambi za matibabu ya bure nazo huhitaji watu wa kupanga foleni na kuelekeza wazee. Kazi hiyo ndogo humfahamisha mwanafunzi kwa wahudumu.

Mlango wa kwanza: barua

Wengi hukosea kwa kumwendea daktari wanayemjua na kumwomba mdomoni. Daktari mmoja hawezi kumruhusu mgeni kuingia katika chumba cha matibabu kwa hiari yake tu. Barua rasmi iandikwe kwa msimamizi wa hospitali, ikiambatishwa na barua ya utambulisho kutoka shule au chuo. Itaje mambo manne: mwombaji ni nani, anataka kuona idara gani, kwa siku ngapi, na anaahidi vipi kutunza siri. Ombi la siku tatu katika idara moja ni rahisi kukubaliwa kuliko ombi la "kujifunza udaktari" lisilo na mipaka.

Mlango wa pili: mgonjwa

Ruhusa ya hospitali haimfungi mgonjwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inahifadhi siri za mgonjwa na kutaka aelezwe habari za afya yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Suala hili ni zito zaidi katika miji midogo. Mwanafunzi akiandamana na daktari karibu na kwao, mgonjwa atakayeingia huenda akawa jirani, mwalimu wake wa zamani au mama wa rafiki yake. Kwa hivyo ridhaa iombwe mwanafunzi akiwa bado nje, kabla mgonjwa hajavua nguo. Maneno yawe mepesi: "Mama, nje kuna mwanafunzi anayejifunza kwa kutazama. Hatakugusa. Ungependa aingie au asiingie?" Mgonjwa akikataa, daktari asimbembeleze. Akinyamaza, kimya chake kisihesabiwe kuwa ni kukubali.

Mtego wa ukalimani

Daktari aliyetoka kaunti nyingine huenda asijue Kimeru, Kiembu wala Kimbeere. Mwanafunzi mwenyeji atashawishika kuwa mkalimani. Akiombwa, na mgonjwa akiridhia, afahamu kwamba amepewa amana. Chukua neno "homa". Katika Kiswahili sanifu ni joto la mwili kupanda. Katika mazungumzo ya Wakenya wengi ni mafua. Mgonjwa akisema "nina homa", mkalimani hana haki ya kuchagua maana moja kimyakimya. Amfikishie daktari neno lenyewe na utata wake, ili daktari aulize: je, mwili una joto, au pua inatoka kamasi? Kuongeza au kupunguza neno moja kwaweza kubadili dawa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi wa Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini hadhi hiyo haitamfaa mgonjwa hadi isikike katika chumba cha daktari. Vyama vya wanafunzi vinaweza kushirikiana na hospitali zilizo karibu kuandaa maneno ya kuombea ridhaa, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za wenyeji, yakabandikwa mlangoni. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Itampa mwanafunzi wa udaktari nafasi ya kujifunza kwa heshima, na itampa mgonjwa uwezo wa kusema "aingie" au "asiingie" na kusikilizwa.