Ukiteleza darini, usitegemee kudaka ukingo

Waulize mafundi wetu mbona wanapanda kuta ndefu bila kamba. Wengi watakujibu, "Nikiteleza nitashika." Vijana nao wameona kwenye filamu mtu akianguka ghorofa mbili, akadaka ukingo kwa vidole na kujivuta juu. Tupige hesabu tuone kama yawezekana.

Mtu anayeanguka huzidi kupata kasi kadiri anavyoshuka. Akishuka mita 1 tayari anakwenda kilomita 16 kwa saa. Akishuka mita 3, karibu ghorofa moja, kasi ni kilomita 28 kwa saa, na haijatimia hata sekunde 1. Akili huhitaji kama robo sekunde kutambua tu kwamba mguu umeteleza, na kufikia hapo mwili umeshashuka sentimita 30. Baada ya mita 3, ukingo wa upana wa kiganja hupita mbele ya mikono kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Tuseme amebahatika, vidole vimenasa. Sasa mikono lazima iusimamishe mwili, na uzito unaoibeba si ule wa mizani. Chukua umbali ulioanguka, ugawanye kwa umbali uliotumia kusimama, kisha ongeza 1. Jibu ndilo mara ngapi ya uzito wako mikono itabeba. Mikono ikinyooka na mabega yakivutika, mwili husimama ndani ya sentimita 30 hivi. Kwa hiyo fundi wa kilo 70 aliyeanguka mita 3 atabeba mara 11 ya uzito wake, kama kilo 770. Kwa mita 1 ni kama kilo 300. Mwanamume wa kawaida hubana kwa nguvu ya kilo 45 hadi 50 kwa kila mkono, tena akiwa amefumba ngumi yote, si kwa ncha za vidole. Vidole vitaachia, au bega litateguka.

Kuna na suala la ukingo wenyewe. Kuta za Mkomani na Langoni ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa kwa nje ghafla hung'oka, hasa pale chumvi na unyevu vimeshalegeza chokaa. Boriti nayo huenda imeliwa na mchwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Wengine watataja yule mtoto wa Paris mwaka 2018, aliyening'inia kwenye roshani hadi Mamoudou Gassama, kijana kutoka Mali, akapanda kwa nje kumwokoa. Lakini kuning'inia ni kubeba uzito wako mara moja tu, na mtoto wa miaka minne ni mwepesi. Mtu mzima anayedaka ukingo baada ya kuanguka yuko katika hesabu nyingine.

Husemwa ajali haina kinga. Kuteleza huenda hakuna kinga, lakini umbali wa kuanguka unayo. Kamba ifungwe juu ya kichwa, isilegee, ili ukiteleza ushuke kidogo tu. Ifungwe kwenye kitu imara, si kwenye ukingo wa zamani. Usijifunge kiunoni, maana mshtuko huo huumiza mgongo na tumbo. Tumia mikanda inayopita mabegani na mapajani. Ngazi isimame mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu.

Na mtu akianguka, msimwinue kwa pupa wala kumpakia punda. Shikeni kichwa na shingo visitikisike, mlazeni juu ya ubao, ndipo mumpeleke hospitali. Anayeangukia Faza au Kizingitini ana safari ya mashua mbele yake, na kila mtikisiko unaweza kuzidisha jeraha la uti wa mgongo.

Mwisho ni kwa wenye nyumba na wakandarasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Kabla ya kumwambia kibarua apande, muulize kamba yake iko wapi. Kama hana, mnunulie.