Kusogeza marejesho si kufuta deni: nyumba ya mkulima inavyofika mnadani

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, tuongelee dhamana. Wengi wenu mmekopa ili mfunge pampu ya maji au mjenge banda la kuku, na dhamana mliyoweka ni nyumba. Mkopo ukienda vizuri, hati inarudi kabatini. Ukienda vibaya, anakuja dalali.

Naandika haya kwa sababu ya simu niliyopigiwa na kijana mmoja wa upande wa Serengeti baada ya ule mwaka wa Korona. Alikuwa analima nyanya na hoho, anauza kwenye kambi za watalii. Mwaka 2020 ndege za watalii zikasimama, kambi zikafunga, nyanya zikaozea shambani. Akasikia kwenye simu kwamba "mikopo imesimamishwa". Akakaa kimya. Barua ya mkopeshaji ilipokuja, akaiweka kwenye faili bila kuifungua. Alinipigia siku aliyokuta tangazo la mnada limebandikwa kwenye ukuta wa nyumba anayolala mke wake na watoto.

Nyumba ilipona, lakini ng'ombe sita na pampu viliuzwa kwa bei ya haraka. Yote yale yangeweza kuzuilika kwa barua moja iliyoandikwa mapema.

Je, mikopo ilisimamishwa kweli?

Hapana. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kupunguza makali ya Korona. Ilishusha riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5. Ikashusha pia kiasi ambacho mabenki hulazimika kuweka Benki Kuu kutoka asilimia 7 hadi 6, ili yawe na fedha zaidi za kukopesha. Kwa mkopaji, lililomgusa moja kwa moja ni hili: mabenki yaliambiwa yakae na wateja walioyumba na kuangalia namna ya kupanga upya mikopo yao, mmoja mmoja kwa hali yake. Benki ikifanya hivyo, Benki Kuu ingeilegezea masharti ya usimamizi.

Soma tena: mmoja mmoja kwa hali yake. Hakukuwa na amri ya kuzuia nyumba zote zisiuzwe. Amri ya namna hiyo ilikuwepo Marekani, tena kwa nyumba zilizokopewa kupitia mipango ya serikali kuu, na ilikoma mwisho wa Julai 2021. Hata huko, mwenye mkopo aliyetaka kusogezewa malipo ilibidi aombe mwenyewe.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Benki Kuu yao ilitangaza unafuu tarehe 18 Machi 2020. Uliwahusu waliokuwa wanalipa vizuri hadi tarehe 2 Machi mwaka huo, na nao ilibidi waende benki kuomba. Sisi tunaokaa karibu na Sirari tunasikiliza redio za pande zote mbili, ndiyo maana habari zilichanganyika. Habari ya ng'ambo ikageuzwa kuwa sheria ya hapa.

Kusogeza maana yake nini?

Benki ikikubali, inaweza kukusimamishia marejesho kwa miezi kadhaa, au kurefusha mkopo ili rejesho la mwezi lipungue. Lakini riba kwa kawaida inaendelea kutembea. Chukua mfano: unadaiwa milioni 10 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Ukisimama miezi mitatu bila kulipa chochote, riba ya miezi hiyo peke yake ni shilingi 450,000, na utailipa mbele ya safari. Kwa hiyo uliza: riba ya kipindi hiki inaenda wapi? Rejesho jipya ni shilingi ngapi? Mkopo unaisha lini? Majibu yawe kwenye karatasi iliyosainiwa. Maneno ya afisa mikopo kwenye simu hayasimamishi mnada.

Safari ya nyumba kwenda mnadani

Rehani ya ardhi inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008. Wengi wanadhani benki lazima ikupeleke mahakamani kwanza. Siyo hivyo. Mwenye rehani iliyosajiliwa anaweza kuuza bila hukumu ya mahakama, mradi afuate hatua hizi:

1. Unashindwa kulipa. Hapo simu na ujumbe vinaanza. Huu ndio muda mzuri kuliko wote wa kuongea.

2. Notisi ya siku 60. Mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya maandishi inayosema umekosa nini, unadaiwa kiasi gani, na ufanye nini kurekebisha. Siku 60 zinahesabiwa tangu ulipoipokea. Zikiisha, deni lote linadaiwa kwa mkupuo, siyo yale marejesho yaliyochelewa tu, na haki ya kuuza inafunguka.

3. Dalali na tangazo. Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa siku 14 angalau, katika mji mkuu wa wilaya na pale patakapofanyika mnada. Tena litolewe kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Ndiyo maana mnasikia gari la spika likipita mtaani. Aibu, ndiyo, lakini pia ni kinga yako: mnada wa kimyakimya una kasoro.

4. Mnada. Anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, nawe unaweza kuomba mahakama itengue mauzo.

5. Mgawanyo wa fedha. Zinalipa gharama za mnada na deni. Kinachobaki ni chako. Kidai, usione haya.

Kabla nyundo haijagonga, bado unaweza kulipa deni na gharama ukaokoa nyumba. Ikishagonga, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa na sheria, na kumtoa ni kazi kubwa.

Mke au mume alisaini?

Kama nyumba ndiyo familia inamoishi, rehani inahitaji ridhaa ya mwenzi. Kwetu huku mwanaume anaweza kuwa na wake wawili au watatu, na sheria inataja mwenzi au wenzi wanaoishi katika nyumba hiyo. Kusaini kwa siri bila wao ni kosa kwa familia, na linaweza kuibua kesi baadaye. Shauri langu: mama akiwepo tangu siku ya kwanza, atasaidia hata kukumbuka tarehe ya rejesho.

Kitu cha kufanya msimu ukiharibika

Usisubiri tangazo. Serikali yetu haikuweka watu ndani mwaka 2020, masoko yaliendelea. Kwa hiyo afisa mikopo angeweza kukuuliza: mbona soko liko wazi? Hapo unahitaji ushahidi, siyo machozi. Andika barua ya ukurasa mmoja yenye mambo haya:

- namba ya mkopo na tarehe uliyolipa mara ya mwisho;
- kilichotokea, na lini: mteja kafunga, mpaka umefungwa, mvua imekata;
- ushahidi: oda zilizofutwa, daftari la mauzo la kabla na baada, picha za shamba, barua ya ofisi ya kijiji au kata;
- unachoomba kwa tarakimu: kwa mfano, miezi minne ya kulipa riba tu, kisha marejesho yafuate mavuno;
- unachoweza kulipa sasa, hata kama ni kidogo.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mkiandikiana upya, wahini kuomba marejesho yafuate kalenda ya shamba. Mkulima wa kahawa anayerejesha kila mwezi kana kwamba ana mshahara, anajitega mwenyewe.

Usiporidhika, anza na malalamiko ya maandishi kwa benki yenyewe. Ikishindikana, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Mgogoro wa rehani yenyewe unaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba, na Tarime lipo. Wasaidizi wa kisheria nao wapo, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ila nikwambie ukweli: kama deni unalo na notisi ilikufikia sawasawa, kupata zuio la mnada si rahisi. Kesi haigeuki kuwa hela.

Korona ilipita. Kesho litakuja jingine: ugonjwa wa mifugo, mpaka kufungwa, bei kuanguka. Redioni utasikia tena kwamba kuna unafuu. Siku hiyo chukua kalamu, hesabu unachodaiwa, nenda kwa mkopeshaji wako kabla hajakuandikia yeye. Na kama kuna bahasha kwenye faili lako ambayo hujaifungua, ifungue leo. Angalia tarehe uliyoipokea, kisha hesabu siku zilizobaki.

Tukutane shambani.