Je, Wajua? Chuma cha Angani na Chuma cha Tanuri

Je, wajua kwamba Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una bonge la chuma lililoanguka kutoka angani? Ni Kimondo cha Mbozi, kilichoko kijiji cha Ndolezi. Kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli.

Wageni walikitambua mwaka 1930 tu, mpima ardhi W. H. Nott alipokikuta. Wenyeji walikijua na kukiheshimu tangu enzi na enzi, ila hawana simulizi ya siku kilipoanguka. Ukimya huo ni ushahidi mzito: yaelekea kilitangulia kumbukumbu zote za eneo hilo.

Na wajua kwamba Wanyiha wa Mbozi walizalisha chuma chao wenyewe? Jirani zao Wafipa pia. Huko Ufipa tanuri la udongo lilimpita mtu kimo, likavuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Lakini moto peke yake haukutosha. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, bingwa wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa, na wafanyakazi walikuwa na mwiko wa kukaribia wake zao hadi kazi iishe. Huu ulikuwa ufundi kamili, wenye sayansi na imani ndani yake, na kuuita ushirikina tu ni kuwadhulumu mafundi wale.

Afrika Magharibi nako chuma kina mwenyewe. Kwa Wayoruba ni mungu Ogun, na mahakamani Nigeria muumini wake huweza kula kiapo akishika kipande cha chuma.

Ncha ya kimondo chetu ina pengo: watu walikata vipande wakaondoka navyo. Ukisafiri kwenda Tunduma, pitia Ndolezi ukione. Kiguse, usikikwangue. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee anayekumbuka matanuri, kaa naye uandike.