Joka lililotulaza gizani!

Wiki hii sina ushauri wa mapenzi wala umbea wa mastaa. Nina kidonda, na nimeona bora niwaonyeshe.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na ligi ndogo ya Pokémon kibarazani kwa jamaa mmoja mtaani kwetu. Vijana wanane, kila mtu na simu yake na bando lake, kiingilio sh. 5,000, mshindi anabeba zote. Hela yangu ilikuwa ile dada aliyonituma ninunue LUKU. Najua, najua... msinitukane.

Kwa wasioujua mchezo, kila kiumbe ana asili yake. Maji huzima moto, moto huteketeza majani, umeme haufui dafu kwa viumbe wa ardhi. Mwaka 1996 asili zilikuwa 15, leo ni 18. Ya mwisho, Fairy, ililetwa mwaka 2013, na majoka waliokuwa wakitamba ile mbaya hawaidhuru hata kidogo kwa mashambulizi yao ya kijoka.

Mpaka hapo mambo yako wazi. Ugomvi uko kwenye kilichofichwa. Zamani kulikuwa na shambulizi linaitwa Hidden Power, lililoingia mwaka 1999. Asili yake ilitegemea namba zilizofichwa ndani ya kiumbe, kwa hiyo ndege wa umeme aliweza kukutandika barafu usiyoitarajia. Matoleo ya 2019 yakaliacha. Halafu mwaka 2022, kwenye Scarlet na Violet, ikaja Tera: mara moja kwa kila pambano unamgeuza kiumbe wako mmoja asili, na adui hajui atakuwa nini mpaka ageuke.

Ndiyo iliyonimaliza. Fainali, mwenzangu kabaki na Dragonite, joka lenye mabawa ambalo barafu hulichoma mara nne. Na mimi barafu ninayo! Nikabonyeza huku nimeshaanza kuhesabu hela. Jamaa akaligeuza joka kuwa chuma. Chuma hupokea nusu tu ya barafu. Kutoka mara nne hadi nusu, yaani pigo langu lilipungua mara nane, jamani! Joka likajibu, kwisha habari.

Kufungwa siyo kesi. Kilichonichoma nilikisikia baadaye. Mwenzangu alikuwa na washikaji wawili waliotolewa mapema, wakawa wanazunguka nyuma ya migongo yetu wakichungulia simu. Kabla ya fainali alishajua viumbe wangu wote watageuka nini. Mimi nilikuja peke yangu, na kati ya mechi nilikuwa nje nakula mihogo. Nikidhani tuko gizani wote, kumbe giza langu peke yangu.

Watu husema siri ndiyo utamu. Nakubali, kama ni pambano moja na mtu usiyemjua. Kwenye ligi siri huvuja, na humvujia mwenye marafiki wengi. Ndiyo maana nawapa tano waandaaji wa mashindano makubwa rasmi ya msimu wa 2023, yakiwemo ya dunia kule Yokohama, Japani. Wapinzani walionyeshana orodha kabla ya kuanza: viumbe, mashambulizi, vifaa walivyobeba, na asili ya Tera. Namba za nguvu na kasi zikabaki siri. Na bado kuna kuumiza kichwa: atageuza yupi? Lini? Ningekiona kile chuma kwenye karatasi, barafu yangu nisingeitupa kijinga vile.

Nikampelekea mwenye kibaraza hoja hiyo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mdogo wangu, umefungwa unaniletea habari za Japani?"

Nikamwambia Jumamosi hii nakuja na karatasi nane na kalamu zangu mwenyewe. Akasema tutaona, ila kiingilio ni kilekile.

Dada bado hanisemeshi. Tulilala na mshumaa siku mbili.