Spika na Waziri Mkuu: Nani Mkubwa?

Mtoto wa darasa la sita akisikiliza redio wakati wa mkutano wa bajeti husikia vyeo vingi vikitajwa kwa heshima: Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Waziri Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Katibu wa Bunge. Punde humgeukia baba au mama na kumwuliza: "Nani mkubwa kati ya hawa?" Wazazi wengi hulikwepa swali hilo, si kwa kuwa ni la kitoto, bali kwa kuwa hawana jibu.

Katiba yenyewe hutoa jibu la kushangaza. Kiti cha Rais kikiwa wazi, au Rais akishindwa kazi kwa maradhi, majukumu yake hutekelezwa na Makamu wa Rais. Naye asipokuwapo, ni zamu ya Spika, kisha Jaji Mkuu. Lakini Rais akiwa nje ya nchi tu, na Makamu naye hayupo, anayeshika majukumu hayo ni Waziri Mkuu. Basi mara moja Spika hutangulia, na mara nyingine Waziri Mkuu hutangulia. Hii inatuonyesha kwamba serikali inayokwenda na Bunge haikujengwa juu ya swali la nani mkubwa. Imejengwa juu ya swali jingine: nani humjibu nani?

Jambo hili si la wakubwa wa Dodoma peke yao. Lina uhusiano na maji, barabara na madarasa ya huko tulikotoka.

Kisima hakitoki mfukoni

Tuchukue mfano wa Bukene. Huu ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, wenye kituo katika reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, nchi hiyo ya Unyamwezi ilijulikana kwa misafara ya wapagazi iliyounganisha pwani, Tabora na maziwa makuu. Wafanyakazi wengi wa mijini wana ndugu sehemu kama hizo, nao hupata habari za nyumbani kila wakati: mvua, mazao, misiba, na shida ya maji.

Bukene pia ni jimbo la uchaguzi, na kama ilivyo katika majimbo mengi nchini, mwananchi anapokosa maji humwendea mbunge ili amchimbie kisima. Mbunge akichelewa, huitwa mchoyo. Akichangia sanda na mchele wa msibani, husifiwa kuwa ni mtu wa watu.

Ni kweli kwamba upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Lakini mfuko huo ni wa kutia chachu jitihada za wananchi. Hauwezi kubeba mahitaji yote ya jimbo. Fedha kubwa hutoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina, nayo Katiba hairuhusu fedha kutolewa humo pasipo idhini ya sheria.

Hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya mbunge. Kuanzia Aprili hadi Juni mawaziri husimama mmoja mmoja kuliomba Bunge fedha za wizara zao. Mwisho wake wabunge huitwa kwa majina, kila mmoja aseme kama anaikubali bajeti ya Serikali au anaikataa, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha huanza. Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na hapo wote hurudi kwa wapiga kura. Kila upande umeshika ncha yake ya kamba, na kila upande una sababu ya kumsikiliza mwenzake.

Basi kwa kisima kile, mbunge ana mambo matatu ya kufanya: kumwuliza waziri maswali, kuidhinisha au kukataa fedha, na kufuatilia kama fedha zilizoidhinishwa zimefika. Mbunge aliyenunua sanda mia moja lakini hakuuliza swali hata moja bado hajaifanya kazi tuliyomtuma.

Mawaziri ndani ya Bunge

Mfumo wetu una historia. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, ikakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sharti hilo lilikuwa chungu, lakini uamuzi wa Tabora uliifungulia TANU mlango wa Baraza la Kutunga Sheria, na humo ndimo lilimozaliwa Bunge letu.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, ilitawaliwa kwa mwaka mmoja kwa mtindo kamili wa kibunge. Malkia wa Uingereza aliwakilishwa na Gavana Mkuu, na Serikali iliongozwa na Waziri Mkuu: kwanza Mwalimu Julius Nyerere, kisha, tangu Januari 1962, Rashidi Kawawa. Nchi ilipokuwa Jamhuri Desemba 9, 1962, Rais akawa Mkuu wa Nchi na pia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo, alama ya mtindo wa awali ilibaki: mawaziri ni wabunge, nao hukaa bungeni wakiulizwa. Rais mwenyewe, kwa Katiba ya mwaka 1977, ni sehemu ya Bunge, kwani muswada hauwi sheria pasipo kibali chake.

Waziri Mkuu hutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo. Rais humteua ndani ya siku 14 tangu kuapishwa, lakini jina hilo lazima lithibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Wabunge waliompitisha wanaweza pia kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, iwapo hoja itaungwa mkono kwa saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 na masharti mengine ya Katiba yatatimizwa.

Spika yeye huchaguliwa na wabunge. Si lazima awe mbunge, mradi awe na sifa za kuchaguliwa kuwa mbunge; lakini waziri hawezi kuwa Spika. Sababu yake ni wazi: anayeendesha shauri hawezi kuwa upande mmoja wa shauri.

Siku Bunge lilipouliza

Mkoa wa Tabora ulipata kumtoa Spika: Samuel Sitta wa Urambo, aliyekalia kiti hicho kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Katika wakati wake lilitokea tukio ambalo wazazi wanaweza kulitumia kuwafundisha watoto wao.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme, na mkataba wa umeme wa dharura ukapewa kampuni ya Richmond. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuuchunguza mkataba huo. Taarifa ilisomwa bungeni Februari 6, 2008. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Baraza la Mawaziri likavunjika, na Bunge likamthibitisha Mizengo Pinda kuwa Waziri Mkuu mpya. Yote hayo yalipita kwa taratibu zilizoandikwa, bila ghasia.

Kutangulia kwa tukio hilo hakukumaliza kazi. Aprili 2012, baada ya mjadala mkali juu ya taarifa za ukaguzi, Zitto Kabwe alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Waziri Mkuu hakuondoka, lakini mwezi uliofuata Rais alibadilisha mawaziri kadhaa.

Anayehesabu mizigo

Msafara usiohesabu mizigo yake hufika na wapagazi wengi na mali chache. Mhesabu wetu ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huteuliwa na Rais, lakini katika ukaguzi wake Katiba inakataza afuate amri ya mtu yeyote. Taarifa yake hukabidhiwa kwa Rais, kisha lazima ifikishwe bungeni kabla ya kupita siku saba tangu Bunge kuanza mkutano. Kamati ya Hesabu za Serikali huichambua, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa huziita halmashauri zijieleze. Halmashauri ya Nzega nayo imo katika ukaguzi huo.

Ofisi hizi husuguana. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, baada ya kutumia neno "udhaifu" katika mahojiano kuhusu Bunge. Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere. Mengi yalisemwa, lakini somo moja lilibaki: ofisi ya ukaguzi na Bunge zisiposikilizana, anayepata hasara ni yule anayengoja kisima.

Mbunge naye humjibu nani?

Nzega inayo kumbukumbu ya swali hili. Joseph Kasella-Bantu, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa mbunge kutoka huko. Oktoba 1968 alifukuzwa katika chama pamoja na wenzake kadhaa, naye akapoteza kiti chake, kwani kiti kilifungamana na uanachama. Mfumo wa chama kimoja uliondoka mwaka 1992, lakini kanuni hiyo bado imo katika Katiba: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, hukoma kuwa mbunge. Basi mbunge ana mabwana wawili, chama chake na jimbo lake. Chama hakimsahau hata siku moja. Jimbo ndilo husahau, likakumbuka baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikuuliza nani mkubwa, mweleze hivi: waziri hulijibu Bunge, halmashauri huijibu kamati, na mbunge hukujibu wewe. Likizo ijayo ukienda nyumbani, mbunge akifika kuzungumza na wananchi, usimwombe shilingi. Mwulize aliuliza nini Dodoma kuhusu maji ya kijiji chenu, alijibiwa nini, na fedha zilizoidhinishwa zimefika wapi. Nenda na mwanao, ili asikie jinsi swali linavyoulizwa.