Simu na Intaneti: Jinsi Zinavyofika Milimani Kwetu

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo ambalo karibu kila nyumba yalitumia, lakini wachache hujiuliza lafanyaje kazi. Jambo hilo ni simu na intaneti. Naandika hasa kwa ajili yetu sisi wa Kidato cha Nne. Tukimaliza mtihani wa taifa tutatawanyika makwetu, na matokeo yetu, pamoja na habari za nani amechaguliwa kwenda Kidato cha Tano na shule gani, yatatangazwa katika intaneti. Aliyechaguliwa asipofika shuleni katika muda uliowekwa aweza kupoteza nafasi aliyoitolea jasho miaka minne. Kwa hiyo habari kuchelewa si jambo dogo.

Hapa Ruvuma tunao ushahidi wa zamani. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wadachi iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Waingereza wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, walikuwa na simu ya waya tangu miaka ya 1890, nao walikwisha kupata habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Nahodha wa Liuli alikuwa hajaambiwa lolote. Meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ikaja, ikapiga mizinga, na nahodha akakamatwa kabla hajajua kwamba kuna vita. Hakushindwa kwa uchache wa silaha, bali kwa kukosa habari.

Sasa tuangalie jinsi mawasiliano yalivyokua nchini mwetu. Waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Baada ya uhuru, posta na simu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya shirika moja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977; ndipo mwaka 1978 tukawa na Shirika letu la Posta na Simu. Siku zile simu ilikuwa ya waya, nayo ilionekana zaidi maofisini na katika nyumba za watu wachache wa mjini. Mtu wa kijijini aliyetaka kupeleka habari ya msiba aliituma kwa basi, au alikwenda posta kupiga simu ya maandishi, akilipia kila neno.

Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Baadaye yakaja makampuni mengine, bei ikashuka, na minara ikaanza kupanda milima. Mwaka 2008 watu wakaanza kutumiana fedha kwa simu, jambo ambalo jirani zetu wa Kenya walilianza mwaka 2007. Mwisho wa mwaka 2024 laini za simu nchini zilikuwa zimezidi milioni 80, hali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Msomaji asidhani kwamba kila mtu anayo simu. Maana yake ni kwamba wengine wana laini mbili au tatu, na wengine hawana hata moja.

Je, sauti yasafirije? Wengi hudhani kwamba maneno hupita angani tangu hapa hata Dar es Salaam. Sivyo. Simu yako ni redio ndogo, na kazi yake ni kufika kwenye mnara ulio karibu tu. Mnara huo huyapokea mawimbi, ukayapeleka kwa mnara mwingine ulio kilima cha pili kwa njia ya zile sahani kubwa za duara tuzionazo juu yake, au ukayatia katika nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini. Ndani ya kioo hicho habari huwa mwanga. Mwanga katika kioo hukimbia kadiri ya kilomita 200,000 kwa nukta moja. Hivi safari ya kilomita elfu moja huimaliza kwa sehemu moja ya mia mbili ya nukta. Ndiyo sababu mtu aliye mbali husikika kana kwamba yuko chumba cha pili. Nyuzi kubwa za serikali zinazounganisha mikoa huitwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nazo zilianza kutandazwa mwaka 2009.

Intaneti hutumia njia hizo hizo, ila huendelea mpaka nje ya nchi. Zamani ilitegemea vyombo vya angani, ikawa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 waya wa bahari uitwao Seacom ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata uitwao EASSy. Basi tunapofungua ukurasa wa ng'ambo, habari hupita sakafuni mwa bahari. Tuliliona hilo tarehe 12 Mei 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na katika nchi za jirani.

Ikiwa ni hivyo, mbona bondeni simu haishiki? Jibu ni kwamba mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja. Hayapindi kilima vizuri. Umatengo ni nchi ya ntambo na mabonde. Kijijini kwetu nyumba za juu huuona mnara, na za chini kando ya kijito hazipati kitu. Mama akitaka kuniulizia kwa mwalimu wa bweni hupanda nusu saa mpaka mahali penye mnara, na mvua ikinyesha haendi. Dawa ni kuongeza minara, lakini kila mnara wataka barabara ya kupandishia vyuma, umeme au mashine ya mafuta, na mlinzi; kampuni ikiona wateja ni wachache husita. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao husaidia gharama mahali pasipo na faida. Mwaka 2023 mikataba ya minara 758 ilitiwa sahihi kwa ajili ya vijiji vya namna hiyo.

Faida yake twaiona. Mkulima wa kahawa ajuaye bei ya mnada si rahisi kudanganywa auze kwa magoma, yaani auze kahawa ingali mtini kwa bei ya shida. Mvuvi wa Mbamba Bay akipata onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla upepo wa mwera haujachafuka, ataacha mtumbwi pwani na watoto wake watamwona jioni.

Lakini njia iletayo habari njema huleta na wezi. Wazazi wetu hupokea maneno kama, "Ile fedha itume kwa namba hii," au huambiwa kwamba mtoto ni mgonjwa shuleni, watume fedha upesi. Yafaa mzazi apige kwanza namba ya mwalimu anayoijua mwenyewe. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe namba 15040, na kila mmoja apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake.

Namalizia kwa wenzangu wa Kidato cha Nne. Kabla hatujafunga masanduku, kila mmoja aandike namba yake ya mtihani katika karatasi mbili, moja akae nayo, moja ampe mzazi. Aliye na nyumba bondeni apatane na ndugu au jirani anayekaa penye mnara, amtazamie matokeo na uchaguzi, kisha amletee habari kwa mguu. Kipande kile cha mwisho, toka mnara hata mlangoni kwetu, mpaka leo hakina waya wala wimbi. Hakina budi kupitwa na mtu.