Upupu: Mmea Uwashao na Mmea Urutubishao

Upupu ni mmea uliopata sifa mbaya katika lugha yetu. Atajaye upupu hukusudia mwasho, na asiyetulia kitini huulizwa kama amemwagiwa upupu. Sifa hiyo haikuzushwa. Maganda ya upupu mwitu yamefunikwa na vinyweleo vinavyowasha ngozi vikali, navyo vikiingia machoni ni hatari. Hata jina lake la kitaalamu, Mucuna pruriens, lina neno la Kilatini lenye maana ya "uwashao".

Hata hivyo, mmea huu ni wa jamii ya kunde, na unayo aina ipandwayo mashambani ambayo maganda yake hayawashi. Wataalamu huiita utilis, yaani "yenye manufaa". Makala haya yanakusudia kueleza manufaa hayo pamoja na tatizo la istilahi linaloambatana nayo.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia moja kwa moja. Katika mizizi ya upupu mna vinundu wanamoishi bakteria waigeuzao nitrojeni hiyo kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mkulima akiukata upupu unapotoa maua, akauacha juu ya udongo au akaufukia, majani huoza na kuliachia zao lifuatalo nitrojeni hiyo. Akichelewa, sehemu kubwa yake huhamia kwenye mbegu, na mashina hukomaa yakawa magumu kuoza. Aidha, upupu ukitambaa hufunika ardhi, ukafifiza magugu na kuzuia mmomonyoko.

Manufaa hayo yana masharti. Upupu ukipandwa pamoja na mahindi machanga huyaparamia na kuyalemea. Sharti mahindi yatangulie kuimarika. Mbegu zake nazo zina levodopa, kemikali itumiwayo kutibu ugonjwa wa Parkinson, hivyo haifai kuzipika na kuzila kama maharagwe ya kawaida.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Afisa wa kilimo amwambiapo mkulima "panda upupu," mkulima ana haki ya kushtuka. Mbaya zaidi, akitii bila kufafanuliwa, huenda akachuma mbegu za mwituni akaidhuru familia yake. Kilatini kimezitenga aina hizi mbili. Kaskazini mwa Honduras, wakulima wanaozungusha mmea huu na mahindi huuita kwa Kihispania "maharagwe ya mbolea". Kiswahili nacho hakikosi uwezo. Tunapendekeza "upupu wa mbolea" kwa ile isiyowasha, na "upupu mwitu" kwa iwashayo. Neno la kwanza lizidi kutahadharisha. La pili litofautishe. Istilahi bora si pambo la kamusi tu: ni kinga ya mkulima na rutuba ya shamba lake.